Sekunde 25 za Saginaw: Kesi ya Sitz na Haki za Dereva kwenye Kizuizi cha Kupima Ulevi

Mwanzoni mwa mwaka 1986 Idara ya Polisi ya Jimbo la Michigan, nchini Marekani, ilianzisha mpango wa majaribio wa kuweka vizuizi barabarani ili kuwabaini madereva waliolewa. Iliundwa kamati ya ushauri yenye wawakilishi wa polisi wa jimbo, polisi wa maeneo, waendesha mashtaka na taasisi ya utafiti wa usafiri ya Chuo Kikuu cha Michigan, nayo ikaandika mwongozo wa namna kizuizi kitakavyoendeshwa, mahali kitakapowekwa na jinsi wananchi watakavyoarifiwa. Mwongozo ulisema kwamba kila gari litakalofika litasimamishwa bila kuchagua, na dereva ataangaliwa kwa muda mfupi kama ana dalili za ulevi. Asiye na dalili angeruhusiwa kuondoka papo hapo. Mwenye dalili angeelekezwa pembeni, nje ya msururu wa magari, ambako askari mwingine angekagua leseni na kadi ya usajili wa gari na, ikibidi, kumfanyia majaribio zaidi.

Mpango huo ulitekelezwa mara moja tu, katika Kaunti ya Saginaw, kwa msaada wa polisi wa kaunti hiyo. Kizuizi kilidumu dakika 75. Magari 126 yalipita, na kila dereva alicheleweshwa kwa wastani wa sekunde 25. Madereva 2 waliwekwa pembeni. Mmoja akakamatwa kwa kuendesha akiwa amelewa, mwingine akaachiwa aende zake. Dereva wa tatu alipita bila kusimama, akafuatwa na askari aliyekuwa kwenye gari la uangalizi, naye akakamatwa kwa kosa hilohilo.

Hizo ndizo takwimu zote za tukio lililozaa kesi ya Idara ya Polisi ya Jimbo la Michigan dhidi ya Sitz, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliiamua tarehe 14 Juni 1990. Kesi hii hutajwa kila mara kuwa ndiyo iliyowapa polisi ruhusa ya kuweka vizuizi vya kupima ulevi. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Mahakama iliruhusu jambo dogo kuliko watu wengi wanavyodhani, na miaka 3 baadaye walalamikaji walewale wakashinda nyumbani kwao Michigan. Dereva anayetaka kuzijua haki zake hana budi kuisoma kesi yote, kwa sababu sehemu kubwa ya haki hizo imo katika yale ambayo mahakama haikuyaruhusu.

Shauri lilifunguliwa siku moja kabla ya kizuizi cha Saginaw. Walalamikaji, Sitz akiwa mmoja wao, walikuwa madereva wenye leseni waliosafiri mara kwa mara katika barabara za jimbo, na waliiomba mahakama ya Kaunti ya Wayne itamke kwamba mpango huo unavunja Katiba na itoe amri ya kuuzuia. Hawakwenda mahakamani kujinasua na shtaka la ulevi, na nadhani hilo liliisaidia hoja yao, kwa kuwa jaji hakulazimika kuwaza kama anamwachia mlevi. Polisi walikubali kusitisha vizuizi vingine hadi shauri liishe, na ndiyo maana tuna kizuizi kimoja tu cha kukichambua.

Mahakama ya mwanzo iliamua kwamba mpango unakiuka Katiba ya Marekani na pia Katiba ya Jimbo la Michigan. Mahakama ya Rufaa ya Michigan ilikubaliana nayo mwaka 1988, lakini ikajifunga kwenye Katiba ya Marekani peke yake, ikiona hakuna haja ya kuigusa ile ya jimbo. Mahakama ya Juu ya Michigan ilikataa kuisikiliza rufaa. Msomaji aliweke akilini jambo hilo la kiutaratibu kuhusu Katiba ya jimbo, kwa maana ndilo lililokuja kuamua mwisho wa kesi.

Sheria iliyobishaniwa ni Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, yanayomlinda mtu dhidi ya kupekuliwa na kukamatwa bila sababu ya maana. Pande zote zilikubali kwamba kumsimamisha dereva kwenye kizuizi, hata kwa sekunde chache, ni aina ya kumkamata. Kwa kawaida askari anayemsimamisha mtu anapaswa kuwa na shaka yenye msingi juu ya mtu huyo mahususi: gari linayumba, taa hazifanyi kazi, mwendo umepita kiasi. Kwenye kizuizi hakuna shaka ya namna hiyo juu ya yeyote. Wote wanasimamishwa kwa kuwa wamepita njia hiyo. Mwaka 1979, katika kesi ya Delaware dhidi ya Prouse, Mahakama ya Juu ilikuwa imekwisha kusema kwamba askari wa doria hawezi kulisimamisha gari lolote alipendalo ili tu akague leseni, kwa kuwa hiari ya askari isiyo na mipaka ndiyo hatari yenyewe. Upande wa pili, mwaka 1976, katika kesi ya Martinez-Fuerte, ilikuwa imeviruhusu vituo vya kudumu vya askari wa uhamiaji karibu na mpaka wa Mexico. Kizuizi cha Saginaw kilikaa katikati ya hukumu hizo mbili.

Majaji 6 dhidi ya 3 waliamua kwamba mpango wa Michigan haukukiuka Marekebisho ya Nne. Jaji Mkuu William Rehnquist, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alipima mambo matatu: uzito wa tatizo ambalo serikali inalishughulikia, kiasi ambacho kizuizi kinasaidia kulitatua, na ukubwa wa usumbufu kwa mtu binafsi. La kwanza halikuwa na ubishi. Vifo vinavyosababishwa na madereva walevi vilihesabiwa kwa maelfu kila mwaka. Kuhusu la tatu, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imesema kwamba kizuizi cha ghafla kinamtia dereva hofu na mshtuko. Rehnquist alijibu kwamba hofu inayohesabika ni ile ya raia mtiifu, wala si ile ya mtu aliyekunywa akijua atagundulika, na kwamba raia huyo huona magari mengine yakisimamishwa na askari waliovaa sare rasmi, hivyo hana sababu ya kutishika sana.

Ni kwenye jambo la pili ambapo hukumu, kwa maoni yangu, inalegea. Rehnquist alisema kuwa si kazi ya mahakama kuamua ni mbinu ipi ya polisi iliyo bora kuliko nyingine. Kuchagua miongoni mwa mbinu zinazofaa ni kazi ya viongozi wanaowajibika kwa umma na wenye rasilimali zenye kikomo. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini aliongeza hesabu: kati ya magari 126 walipatikana walevi 2, yaani takriban asilimia 1.6, kiwango kilichozidi asilimia 0.5 ya kituo kilichoruhusiwa katika kesi ya Martinez-Fuerte. Tuitazame hesabu hiyo kwa karibu. Mmoja kati ya hao wawili ni yule aliyepita bila kusimama. Hakubainika kwa kuangaliwa na askari kwa sekunde 25. Alibainika kwa kutenda kosa la wazi, ambalo lingemhalalishia askari yeyote kumfuata. Mtu anaweza kusema, na si bila haki, kwamba asingetoroka kama kizuizi kisingekuwapo. Hata hivyo, uwezo wa askari kumtambua mlevi kwa kumtazama dirishani ulimpata mtu 1 kati ya 126, na katika kufanya hivyo ulimtoa kwenye msururu mtu mwingine mmoja ambaye hakuwa na kosa la kumkamatia.

Hukumu haisemi lolote zaidi kuhusu huyo aliyewekwa pembeni kisha akaachiwa. Wastani wa sekunde 25 haumhusu. Jaji John Paul Stevens, katika maoni yake ya kupinga, aliwafikiria watu wa namna hiyo. Alieleza kwamba askari wa kizuizini ana hiari karibu isiyo na kikomo ya kurefusha usumbufu kwa dalili hafifu kabisa: uso uliowiva, shati lisilofungwa vifungo, macho mekundu, kigugumizi. Alitaja pia takwimu za Maryland, ambako vizuizi 125 vilivyopitiwa na madereva wapatao 41,000 vilizaa ukamataji wa watu 143 tu, akasema kwamba doria za kawaida, zinazomfuata dereva anayeonekana kuyumba, huenda zingekamata wengi zaidi. Kwake yeye kizuizi kilikuwa kitendo cha serikali cha kuonyesha kwamba inafanya jambo. Jaji William Brennan, akiungwa mkono na Thurgood Marshall, alisisitiza hoja nyingine: kwamba kumsimamisha kila mtu kungerahisisha kazi ya polisi si sababu ya kutosha ya kuliacha sharti la kuwa na shaka juu ya mtu mahususi.

Kwamba asilimia ya waliokamatwa haikuwa msingi wa kweli wa hukumu kulidhihirika miaka 10 baadaye. Mwaka 1998 jiji la Indianapolis liliweka vizuizi 6 vya kusaka dawa za kulevya, kila kimoja na mbwa wa kunusa. Magari 1,161 yalisimamishwa na watu 104 wakakamatwa, kiasi cha asilimia 9, wengi kupita Saginaw mara kadhaa. Mwaka 2000, katika kesi ya Edmond, Mahakama ya Juu ilivipiga marufuku, na hukumu iliandikwa na Jaji Sandra Day O'Connor, ambaye mwaka 1990 alikuwa upande wa Rehnquist. Sababu ilikuwa lengo: kizuizi cha ulevi kinaondoa hatari iliyopo barabarani wakati huohuo, ilhali kile cha Indianapolis kilikuwa upelelezi wa kawaida wa uhalifu uliovikwa vazi la usalama wa barabara. Kwa dereva, kesi hizi mbili zikisomwa pamoja zina maana kwamba askari hawezi kuutumia ulevi kama kisingizio cha kupekua buti la kila gari.

Sasa turudi kwa yule aliyewekwa pembeni, kwa sababu hapo ndipo haki za dereva zinapoanza kuwa na uzito. Rehnquist alitamka wazi kwamba Mahakama inaamua juu ya kusimamishwa kwa mara ya kwanza tu, pamoja na maswali mafupi na kuangaliwa kunakoambatana nako, na kwamba kumzuilia dereva fulani kwa majaribio marefu zaidi huenda kukahitaji shaka juu yake binafsi. Kwa hiyo askari anayekutoa kwenye msururu anapaswa kuweza kueleza baadaye, mbele ya hakimu, alichokiona au kukinusa: harufu ya pombe, ulimi mzito, chupa iliyofunguliwa. Kusema tu kwamba alihisi hivyo hakutoshi.

Dereva analazimika kusimama na kuonyesha leseni, usajili wa gari na bima pale anapotakiwa na sheria ya jimbo. Akiamriwa kushuka garini baada ya kusimamishwa kihalali, ashuke. Mahakama ya Juu iliwapa askari mamlaka hayo mwaka 1977 katika kesi ya Mimms. Lakini swali la kwamba ametoka wapi au amekunywa kiasi gani halimlazimu kulijibu. Hapa watu wengi hujikwaa. Tangu kesi ya Berkemer ya mwaka 1984 askari halazimiki kumsomea dereva onyo la haki ya kunyamaza wakati wa maswali ya kawaida ya barabarani, kwa kuwa dereva hajahesabiwa kuwa chini ya ulinzi. Kutosomewa onyo hakuondoi haki ya kutojibu, ila maneno aliyoyatoa kwa hiari yake, hata yale ya kawaida kama “bia mbili tu, afande”, yanaweza kusomwa mahakamani neno kwa neno.

Siku 4 baada ya hukumu ya Sitz, Mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya Muniz kutoka Pennsylvania, nayo inaonyesha mpaka huu ulivyo mwembamba. Dereva aliyekamatwa alirekodiwa kwa video akiulizwa maswali kituoni. Mahakama ilisema kwamba kukokota maneno na kuyumba kwa mwili si ushahidi wa maneno, hivyo vinaweza kutumika hata kama hakusomewa onyo. Lakini alipoulizwa tarehe aliyotimiza miaka 6, akashindwa kuikokotoa, jibu lake lilikuwa ushahidi wa kile kilichomo akilini mwake, na halikupaswa kutumika bila onyo. Namna dereva anavyotamka inaweza kumfunga. Anachokitamka kinalindwa zaidi.

Majaribio ya barabarani ni yale ya kutembea kwenye mstari kisigino kikigusa vidole, kusimama kwa mguu mmoja huku ukihesabu, na kufuatisha kalamu ya askari kwa macho bila kugeuza kichwa. Katika majimbo mengi dereva anaweza kuyakataa kwa adabu bila adhabu ya moja kwa moja, ingawa askari anaweza kuutaja ukataaji huo mahakamani. Kipimo cha pumzi kina hatua mbili zisizofaa kuchanganywa. Kile kidogo cha mkononi, kinachopulizwa kando ya gari kabla ya kukamatwa, hutumika kumsaidia askari kuamua kama akamate. Michigan, kwa mfano, kukikataa ni kosa dogo la faini kwa dereva wa kawaida. Kile cha kituoni, baada ya kukamatwa kihalali, kina uzito mwingine kabisa. Sheria za majimbo humhesabu kila mwenye leseni kuwa amekwisha kukubali kipimo hicho kwa kitendo cha kuendesha gari, na anayekikataa hunyang'anywa leseni hata kama baadaye hatapatikana na hatia ya ulevi. Michigan ukataaji wa kwanza humnyima dereva leseni kwa mwaka mmoja. Mwaka 2016, katika kesi ya Birchfield, Mahakama ya Juu iliongeza kwamba pumzi inaweza kupimwa bila hati ya mahakama baada ya mtu kukamatwa, bali damu, kwa kuwa sindano inaingia mwilini, inahitaji hati au ridhaa ya kweli, na jimbo haliwezi kumfanya mtu mhalifu kwa kukataa tu kutolewa damu.

Wakili wa utetezi akipewa kesi iliyotokana na kizuizi hutafuta kwanza mpango wa maandishi, kabla hata ya kugusa kipimo. Nani aliidhinisha kizuizi? Magari yalisimamishwa kwa kanuni gani, yote au kila la tatu, na je, askari waliifuata usiku kucha au waliiacha msururu ulipokuwa mrefu? Mahakama ya Juu ya California ilikuwa imeyaorodhesha mambo hayo mwaka 1987 katika kesi ya Ingersoll: uamuzi wa wakubwa badala ya askari wa zamu, kanuni isiyobagua, mahali na saa zenye sababu, taa na alama zinazoonekana, muda mfupi wa kusimama, na tangazo la mapema kwa umma. Mwaka 1993 mahakama hiyo ilisema kwamba kukosekana kwa tangazo peke yake hakukibatilishi kizuizi, lakini mengine yamebaki. Mwongozo wa Michigan ulishinda katika Mahakama ya Juu ya Marekani kwa sababu ulikuwa na sehemu kubwa ya mambo hayo. Kizuizi kilichowekwa na askari wawili kwa uamuzi wao wenyewe kiko karibu zaidi na kesi ya Prouse kuliko ya Sitz.

Baada ya hukumu ya 1990 jalada lilirudishwa Michigan, na swali lililokuwa limeachwa kiporo tangu 1988 likafufuka: je, Katiba ya jimbo inasemaje? Katiba ya Marekani huweka kiwango cha chini cha haki. Jimbo linaweza kuwapa watu wake zaidi, na serikali kuu haiwezi kulizuia. Septemba 1993 Mahakama ya Juu ya Michigan iliamua kwamba kifungu cha 11 cha ibara ya kwanza ya Katiba ya jimbo hakiruhusu kusimamisha magari bila hati wala shaka yoyote kwa ajili ya kutekeleza sheria za jinai, kwa kuwa historia ya jimbo hilo haikuwa na mfano wa kuunga mkono jambo la aina hiyo. Walalamikaji wakawa wameshinda, na vizuizi vya kupima ulevi havijaruhusiwa Michigan hadi leo. Polisi wa huko hutumia doria za wingi katika maeneo yenye ajali, na kila gari wanalolisimamisha lazima liwe na sababu yake.

Michigan haiko peke yake. Mahakama za majimbo ya Washington, Oregon, Idaho, Rhode Island na Minnesota zimefikia hitimisho kama hilo kwa misingi ya Katiba za majimbo yao, na majimbo mengine machache hayana vizuizi kwa sababu sheria zao hazivitambui au zinavikataza. Hili linawagusa moja kwa moja wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko, wengi wao kutoka Kongo, waliopata makazi Grand Rapids na Lansing. Mkazi wa Grand Rapids anayeendesha kwenda kuwatembelea jamaa Indiana au Ohio huvuka mpaka wa jimbo bila kuona tofauti yoyote barabarani, lakini kisheria amehama kutoka hukumu ya 1993 na kuingia katika ile ya 1990: kizuizi kisichoruhusiwa nyumbani kwake ni halali huko, mradi kimeendeshwa kwa mpango. Akikiona kwa mbali na kuna njia halali ya kuchepuka, kuchepuka kwenyewe si kosa, lakini akikata mstari usiokatwa au kugeuza pasiporuhusiwa atakuwa amempa askari sababu aliyokuwa hana. Na kama bado hajawa raia, asijidanganye kwamba shauri la ulevi huishia kwenye faini na leseni: tangu uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani wa Oktoba 2019, hukumu mbili za kuendesha kwa ulevi ndani ya kipindi kinachochunguzwa humfanya mwombaji wa baadhi ya nafuu za uhamiaji adhaniwe kuwa hana mwenendo mwema, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo humwangukia yeye. Kwa mtu wa hali hiyo, ombi la kwanza baada ya kukamatwa liwe wakili, na wakili huyo aambiwe mapema kuhusu hali yake ya uhamiaji, kabla hajakubali kosa lolote ili tu shauri liishe haraka.